Baridi Ndani ya Hadubini

Machi 11, Jumatatu
Mvua imeingia leo saa tatu asubuhi bila kupiga hodi. Nilikuwa nimeinamia hadubini, nikadhani kuna mtu anamwaga kokoto juu ya bati la jengo la jirani. Mpaka jioni haijakatika.

Maabara ina daftari lake, na kila ninachofanya kinaingia humo: tarehe, saa, namba ya sahani. Ila daftari lile halitaki kujua kama nimeamka na hasira au kama Shangazi ameshindwa kufunga vifungo vya blauzi. Hayo nitayaweka hapa, kwa msimu huu wa mvua tu, mpaka tujue dawa namba nne, moja kati ya kumi na mbili tulizojaribu, inatupeleka wapi.

Niseme mapema, nisije nikajisahau: kazi yangu ni kufuga seli za neva. Watu wanane wenye ugonjwa wa neva ndefu walitupa kila mmoja kipande cha ngozi kidogo kuliko punje ya mchele. Seli zile za ngozi tukazirudisha utotoni, kisha tukazilea upya zikawa seli za neva. Sasa zinaishi kwenye sahani za kioo, zimetoa nyuzi ndefu, na ndani ya nyuzi hizo kuna mizigo midogo ya nishati inayotakiwa kusafiri mpaka mwisho. Kwa mtu mzima wa afya inasafiri. Kwa wagonjwa wetu inajikokota, na mingi imesimama kabisa. Ndiyo maana miguu na vidole, vilivyo mbali, ndivyo vinavyokufa ganzi kwanza.

Mtoaji wa tatu ni shangazi yangu. Yeye mwenyewe alimwambia Profesa kuwa hana la kunificha, akatia sahihi kwa mkono uliokuwa ukitetemeka.

Machi 12, Jumanne
Mvua. Viatu havijakauka.

Machi 14, Alhamisi
Tumepata mgeni. Profesa amemleta mama mmoja wa takwimu, wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Miaka kumi na tano alikuwa kituo cha utafiti wa mbegu, akihesabu mahindi. Sasa amekuja kuhesabu mizigo yetu. Kabla ya saa sita alikuwa ameshauliza kwa nini sahani ni za duara, kwa nini tunavaa glavu mbili, na kwa nini friza ina kufuli. Nikampa jina kimoyomoyo: Bi Kwanini.

Nilipomsimulia Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Mtu wa namna hiyo," akasema, "ukimkaribisha chai atauliza kikombe kimetoka wapi."

Machi 19, Jumanne
Mvua, na namba nne tena! Nimepiga picha za mwendo za sahani sita. Zisizo na dawa, mizigo imesinzia kama kawaida yake. Zenye dawa, mizigo inakwenda. Nimehesabu mara tatu, maana sikuamini. Kasi imepanda karibu nusu.

Profesa alisimama nyuma yangu akitazama. Ni mtu mkavu, salamu yake ni kukohoa. Lakini leo alivyokuwa akirudi ofisini nilimsikia akipiga mluzi.

Machi 20, Jumatano
Mvua kubwa, barabara imegeuka mto. Uongozi wa jengo umetoa tangazo: kila jioni tuzime mashine zote isipokuwa makabati ya joto na friza, kwa sababu umeme unaruka na mwaka jana uliunguza vifaa ghorofa ya chini. Hadubini nayo izimwe, ingawa sisi huizima kila jioni tangu zamani. Sawa.

Machi 27, Jumatano
Mvua. Mara ya sita sasa, na jibu ni lile lile. Profesa ametuita mezani, mimi, Bi Kwanini na wenzetu wawili wanaotayarisha seli, akatangaza kwamba tarehe 24 Aprili atasimama mbele ya mkutano wa watafiti kueleza habari ya namba nne. Akasema jina langu litakuwa la kwanza kwenye ripoti. Masikio yaliniwaka moto.

Nilirudi nyumbani nikiwa sikanyagi chini. Nilikuwa nimejiapiza nisimwambie Shangazi chochote mpaka mambo yakamilike. Lakini nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, anavaa soksi. Huwa anatumia kijiti chenye ndoana ambacho fundi seremala alimtengenezea, kwa sababu vidole havishiki. Soksi ilikuwa imenasa kwenye kisigino, naye anaivuta, inatoka, anaanza upya. Hakuniona. Nilimtazama akianza upya mara nne.

Nikasema, "Shangazi, tumepata dawa."

Akaacha soksi. "Dawa gani?"

"Ya kwako. Kwenye seli zako mwenyewe. Mizigo inatembea."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta kosa la tahajia usoni mwangu. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka thelathini na moja, na bado anasoma watu kama karatasi. Kisha akaniambia, "Njoo hapa," akanishika kichwa kwa viganja vyote viwili, maana vidole havimtii.

Machi 28, Alhamisi
Leo Shangazi amekataa mkono wangu kwenye ngazi. "Niache nijizoeze," kasema. "Nisije nikapona nimesahau kutembea."

Aprili 2, Jumanne
Bi Kwanini amenijia na karatasi zake.

"Dada, nikuulize kitu?"

Nikamwambia aulize, kana kwamba ningeweza kumzuia.

"Kwa nini sahani zisizo na dawa huzipiga picha asubuhi siku zote?"

"Ni utaratibu tu. Naanza na zisizo na dawa, namalizia na zenye dawa. Nisije nikachanganya."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Mm," akasema. Akaandika kitu. "Na ile mara ya kwanza kabisa, mlipojaribu dawa zote kumi na mbili?"

"Dawa mbili kwa siku. Namba moja asubuhi, namba mbili alasiri, namba tatu asubuhi, namba nne alasiri, hivyo hivyo mpaka mwisho."

"Mm."

Ile "mm" yake imenikaa rohoni kama mwiba wa samaki.

Aprili 3, Jumatano
Bado nina hasira. Nimefuga seli hizi miaka mitano. Nimezilisha siku za sikukuu, nimezilisha nikiwa na homa. Leo mtu wa mahindi ananiuliza kuhusu asubuhi na alasiri! Nimemwambia Shangazi, nikitegemea acheke. Hakucheka. Aliuliza, "Sasa wewe ulimjibu nini?"

Aprili 5, Ijumaa
Jua! Siku nzima, tangu alfajiri. Nimeanika hata mito. Maabarani, tofauti kati ya sahani zenye dawa na zisizo na dawa imekuwa ndogo leo. Sijui kwa nini. Pengine seli zimechoka.

Aprili 9, Jumanne
Nina mengi ya kuandika.

Jana usingizi ulinipita mbali, nikaamka na neno moja kichwani: seli hazichoki kwa sababu ya jua. Asubuhi hii, kabla ya kwenda kazini, nikafungua shajara hii na kusoma nilichoandika. Kisha nikafungua nakala ya daftari la maabara, nikaziweka pamoja mezani. Machi 19, mvua, tofauti kubwa. Machi 27, mvua, tofauti kubwa. Aprili 5, jua, tofauti ndogo. Kuna siku nyingine mbili za jua ambazo sikuziandika humu, lakini nazikumbuka kwa sababu nilifua nguo. Tofauti ndogo, zote mbili.

Nilipofika kazini saa moja na nusu nilikwenda moja kwa moja kwenye hadubini. Juu yake kuna kisanduku cha plastiki chenye kipulizia joto, ili seli zijihisi kana kwamba ziko mwilini, nyuzijoto thelathini na saba. Nikaiwasha. Baada ya nusu saa kioo cha mashine kiliandika thelathini na saba, kama kinavyoandika kila siku. Siku zote huwa naanza kazi hapo.

Leo sikuanza. Nilichukua kipimajoto chembamba kama uzi, kile cha kupimia maji ya kuyeyushia seli za friza, nikatumbukiza ncha yake ndani ya sahani yenyewe, palipo na seli.

Thelathini na moja.

Nikafikiri kipimajoto kimeharibika. Nikakiweka kwapani. Kikaniambia mimi ni mzima.

Nikakaa. Kila nusu saa nikasoma. Saa tatu, thelathini na mbili. Saa nne, thelathini na tatu na nusu. Nje mvua inamwagika, ukuta ni baridi, meza ya chuma ya hadubini imelala usiku kucha bila umeme na inanyonya joto lote. Kihisio cha mashine, kile kinachopima joto, kiko jirani na kipulizia, ndiyo maana kinajidanganya. Saa saba mchana sahani ilifika thelathini na saba.

Saa saba mchana ndipo mimi huanza kupiga picha sahani zenye dawa.

Mizigo ndani ya neva hutembea haraka kwenye joto na polepole kwenye baridi. Hilo linafundishwa mwaka wa kwanza. Dawa namba nne haikufanya chochote, au kama ilifanya mimi sijui. Nilichopima kwa wiki zote hizi ni baridi ya asubuhi.

Nilitoka nikaenda chooni, nikafungua bomba ili nisisikike. Niliporudi Bi Kwanini alikuwa amesimama mbele ya orodha yangu ya nyuzijoto. Nilitarajia aseme "nilikuambia." Angesema hivyo ningemrushia glavu.

Hakusema. Alivuta kiti, akaketi kando yangu. "Mwaka wangu wa pili kule kwenye mbegu," akaanza, "nilitangaza mbegu ya ajabu. Mazao mara mbili. Wakubwa wakanipongeza. Kumbe niliipanda upande wa shamba ambako mtaro wa bwawa ulikuwa unavuja."

"Ukafanyaje?"

"Nililia kwanza. Tena sana. Halafu nikaenda kwa mkuu wangu."

Kisha akaniambia, "Kesho nitaingia nawe kwa Profesa, ukitaka." Nikagundua kuwa karibu mwezi mzima sijawahi kumuuliza habari zake hata siku moja.

Aprili 10, Jumatano
Nimeingia kwa Profesa peke yangu. Bi Kwanini alingoja mlangoni.

Nilimweleza yote kwa mpangilio, nikamwekea karatasi mbele. Alisoma. Akasoma tena. Ukucha wa kidole gumba chake ukawa mweupe kwa kubana kalamu.

"Siku kumi na nne," akasema. "Zimebaki siku kumi na nne nipande jukwaani."

"Najua, Profesa."

"Na kisanduku hicho cha joto nani alikikagua?"

"Hakuna."

"Nani alikinunua?"

Nikatazama karatasi, kwa sababu aliyekinunua ni yeye.

"Toka," akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikaa ndani mpaka jioni mlango umefungwa. Wenzetu wawili wa seli walitembea kwa ncha za vidole kama kuna maiti. Mimi nilisafisha meza ambazo zilikuwa safi.

Aprili 11, Alhamisi
Nilifika nikiwa nimeshajiandaa kufukuzwa. Nilimkuta Profesa amepiga magoti chini ya meza ya hadubini, bila koti, anafunga vipande vya sponji kuzunguka miguu ya chuma. Vipimajoto vinne vimening'inia kama nguo kwenye kamba.

"Lete mkasi," akasema.

Nikaleta.

"Nimewaandikia wa mkutano. Nafasi yangu nimeirudisha." Akakata sponji. "Nikiwa kijana nilifanya kazi kwa bwana mmoja aliyeficha kitu kama hiki. Kilikuja kujulikana baada ya miaka sita. Wagonjwa walikuwa wameshameza zile dawa." Akakohoa, kikohozi chake kile cha salamu. "Jana sikukukasirikia wewe. Kidogo tu. Nilikuwa najikasirikia mimi niliyepiga mluzi."

Aprili 13, Jumamosi
Nimemwambia Shangazi.

Nilingoja tumalize kunywa chai ya asubuhi. Alikuwa na furaha. Wiki mbili hizi amekuwa akipanda na kushuka ngazi kila siku, na ana mchubuko kwenye goti ambao amenificha, ila nimeuona. Nilianza kuzungukazunguka. Akaniambia, "Mwanangu, mashahidi wanaoanza na hali ya hewa huwa wana jambo. Sema."

Nikasema. Baridi, kisanduku, asubuhi, alasiri. Nikasema dawa haipo.

Aliweka kikombe mezani, kwa viganja viwili kama anavyofanya siku hizi. Alitazama dirisha. Machozi yalimtoka mawili tu, moja kila upande, akayaacha yashuke kwa kuwa kuyafuta ni kazi.

"Nisamehe," nikasema. "Ningekaa kimya mpaka niwe na uhakika. Nilikuona na ile soksi, nikashindwa kujizuia."

"Kwa hiyo ulinihurumia."

"Ndiyo."

"Usinihurumie tena." Sauti yake ilikuwa ngumu. Nilidhani ataondoka mezani, lakini kuondoka kwake kunataka dakika nzima, na nadhani alijua hilo lingeharibu hasira yake, kwa hiyo akabaki. Baada ya muda akasema, "Nimepiga chapa ushahidi wa watu maelfu. Waliodanganya nimewasahau wote. Lakini kuna mwanamke mmoja, dereva wa lori, alirudi mahakamani siku ya pili akasema, 'Mheshimiwa, jana nilisema gari lilikuwa jeupe. Nimekwenda kulitazama. Ni la kijivu.' Tangu hapo kila alilosema mwanamke yule, jaji alikuwa analiandika."

"Shangazi..."

"Sijamaliza kukasirika. Nakuambia tu."

Alasiri hakuniita. Nilimsikia akivaa soksi chumbani, akiisuta soksi yenyewe. Sikuingia.

Nina jambo jingine la kuandika, ambalo sijawahi kuliandika popote. Ugonjwa huu hutembea ndani ya familia. Miaka mitatu iliyopita nilipimwa, nikaambiwa sinao. Nilicheka kwa furaha pale pale kwenye kiti cha daktari, kisha nikaona aibu kurudi nyumbani, kwa sababu mlango ungefunguliwa na yeye. Alifungua, akaniona usoni, akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Huyo ndiye niliyemwambia habari ya uongo kwa haraka.

Aprili 15, Jumatatu
Tunaanza upya. Bi Kwanini ndiye kamanda.

Utaratibu wake ni huu. Hadubini haizimwi tena. Profesa amekwenda mwenyewe kugombana na uongozi wa jengo na amerudi na kifaa cha kulinda umeme na kola iliyopinda. Kila sahani inakuwa na kipimajoto ndani, na chini ya thelathini na sita na nusu hakuna picha. Bi Kwanini anabandika herufi juu ya sahani, na mimi sijui ipi ina dawa na ipi haina. Mpangilio wa siku anaupiga kura kwa vikaratasi ndani ya bakuli. Ufunguo wa herufi uko ndani ya bahasha, na bahasha iko ndani ya droo yake.

Zinajaribiwa dawa tatu. Namba nne, tuizike kwa heshima kama imekufa. Nyingine mbili ni namba saba na namba kumi na moja. Hizo tulizitupa mwaka jana msimu kama huu. "Kwa nini hizo?" nikauliza, na Bi Kwanini akatabasamu kwa kuwa leo swali ni langu.

"Hesabu vizuri. Saba na kumi na moja ulizipiga picha lini?"

Asubuhi. Zote mbili zilipimwa zikiwa zinatetemeka kwa baridi, na kati ya za asubuhi ndizo pekee zilizosogeza mizigo kidogo.

Aprili 16, Jumanne
Mvua.

Aprili 17, Jumatano
Mvua. Sahani nane. Sijui nilichokiona, na ndivyo inavyotakiwa.

Aprili 22, Jumatatu
Kufanya kazi bila kujua ni kama kupika ukiwa umefungwa pua. Zamani, nikijua sahani ina dawa, jicho langu lilikuwa linausubiri mzigo utembee, ukisita kidogo nasema "unatembea huo." Leo nimeushika mkono wangu mwenyewe ukitaka kufanya hivyo kwa sahani herufi M, kwa sababu nimejiaminisha kuwa M ina dawa. Sina ushahidi wowote. Naipenda tu M.

Shangazi amerudi kunitania. Jana aliniambia nimekonda kama herufi I.

Aprili 24, Jumatano
Leo ndiyo ilikuwa siku ya mkutano. Profesa alikaa nasi akiosha chupa.

Aprili 30, Jumanne
Kuvu! Kabati la pili la joto limeota kuvu kwenye kona, unyevu huu hauna adabu. Sahani kumi na moja zimetupwa. Zamani ningelia. Leo tulivaa barakoa watu watatu, tukasugua rafu zote na spiriti huku Bi Kwanini akitusimulia jinsi nyani walivyokula jaribio lake la miezi minane kwa asubuhi moja. Profesa alicheka. Sikujua ana jino la dhahabu.

Mei 7, Jumanne
Shangazi ameanguka kwenye ngazi, hatua tatu za mwisho. Hakuvunjika. Mkono umevimba. Alipoona nimebadilika rangi akasema, "Wewe nenda kazini. Hapa hakuna unaloweza kufanya, kule lipo."

Nilikwenda. Sahani sita. Nilizipiga picha zote kwa utulivu, nashangaa.

Mei 14, Jumanne
Mvua inapungua. Imekuwa ya manyunyu, kama mtu anayemaliza kulia.

Mei 21, Jumanne
Sahani ya mwisho. Jumla ni mia moja na nane. Nimemkabidhi Bi Kwanini hesabu zote, na sasa sina cha kufanya ila kung'ata kucha.

Mei 22, Jumatano
Saa nne asubuhi, mezani, watu watano. Bi Kwanini alikata bahasha kwa kisu cha barua, taratibu mpaka nikataka kumpokonya. Akaunganisha herufi na hesabu kwenye kompyuta. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Namba nne," akasema. "Hakuna kitu. Sawasawa na maji."

Nilijua, na bado iliniuma. Nikatazama kucha zangu.

"Namba saba. Hakuna kitu."

Nje kulikuwa na ndege wanapiga kelele kwa sababu hakuna mvua.

"Namba kumi na moja." Akasogeza uso karibu na kioo. "Subirini nirudie." Akarudia. Nilisikia Profesa akipumua kwa pua. "Namba kumi na moja, kasi imepanda kwa theluthi moja. Kwa watoaji saba kati ya wanane. Joto sawa, saa mchanganyiko, mpigaji picha hajui."

Mimi nilikuwa nahesabu kichwani ni wapi tumekosea. Nikauliza, "Kwa nini huyo wa nane hakubadilika?"

Bi Kwanini akageuka akanitazama, akaanza kucheka, Profesa naye akafuata, na mimi nikashindwa kujizuia.

Baadaye niligundua sahani M, niliyoipenda, ilikuwa haina dawa yoyote.

Mei 23, Alhamisi
Profesa amesema: turudie, kwa seli mpya, na apige picha mtu mwingine. Mimi nisiguse. Sikukasirika hata kidogo.

Nyumbani Shangazi aliuliza, "Bahasha ilisemaje?" Nikamwambia, "Imesema kitu kidogo. Tunakirudia. Kikisimama nitakuja kukueleza, kisiposimama pia nitakuja kukueleza." Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye redio yake.

Mei 28, Jumanne
Jua. Nimefua.

Juni 11, Jumanne
Kimesimama. Mikono mingine, seli nyingine, jibu lile lile: theluthi moja, pengine kidogo chini yake. Kwa mtoaji wa nane bado hakuna kitu, na hilo sasa ndilo Bi Kwanini anataka kulijua kuliko yote. Profesa amefungua faili jipya. Hakupiga mluzi. Ila kwenye korido alinigusa bega.

Nilimweleza Shangazi wakati wa chakula cha jioni. Aliuliza maswali mengi, moja baada ya jingine, kama wakili. Mwisho akasema, "Nataka kuona."

Juni 14, Ijumaa
Amekuja.

Maabara iko ghorofa ya pili, ngazi ishirini na mbili. Profesa alishuka mpaka chini kumpokea, amevaa tai. Shangazi alimwambia, "Profesa, mimi napanda polepole, utachoka." Akajibu, "Mama, kazi yangu yote ni kusubiri vitu vinavyokwenda polepole." Wakapanda wameshikana mikono, wakipumzika kila hatua ya tano. Juu Bi Kwanini alikuwa ameshaandaa kiti chenye mto, na kabla Shangazi hajaketi vizuri akawa amemuuliza ganzi ilianza mguu upi, mwaka gani, na kwa nini anadhani ulikuwa huo. Shangazi akanigeukia. "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye. Akasema, "Nimempenda."

Kwanza nilimwonyesha sahani isiyo na dawa. Nyuzi za kijani kwenye kioo cheusi, na ndani yake nukta nyeupe, nyingi zimesimama.

"Hizi ni zangu?"

"Ni zako."

Akazitazama bila kupepesa. "Kumbe ndivyo nilivyo," akasema taratibu. Kisha, "Njia ipo. Hazikosi njia."

"Hapana, njia ipo. Hazina mwendo."

Nikabadilisha sahani, nikaweka yenye dawa namba kumi na moja. Nikangoja kipimajoto kiseme thelathini na saba. Nukta zikaanza kutembea, si zote, na si kwa mbio; moja hapa, nyingine kule, zinakwenda kuelekea ukingo ambako uzi unaishia. Shangazi akainamia kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Bi Kwanini akakifuta kwa mkono wa koti.

"Na mimi niliyekaa hapa," Shangazi akauliza bila kugeuka, "itanifikia?"

Profesa akanitazama mimi, maana swali lilikuwa langu.

"Sijui, Shangazi. Kuna panya kwanza, miaka miwili au mitatu. Halafu watu wachache sana, kuona kama haina madhara. Halafu wengi. Inaweza kuchukua miaka kumi. Inaweza kushindwa njiani. Ikifanya kazi, huenda ikakuzuia usizidi kuumwa tu, isikurudishie vidole."

"Lakini hii ninayoiona ni kweli?"

"Hii ni kweli."

Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani amemaliza, nikanyoosha mkono kumsaidia asimame. Akaupiga kofi kwa kiganja chake.

"Ngoja. Kuna huu mmoja hapa chini, umesimama, umeondoka, umesimama tena. Nataka kuuona ukifika." Akausemesha, "Haya, nenda. Nani amekushika?"

Saa ilikuwa saa tano na nusu, na Profesa alikuwa na kikao saa tano na nusu. Hakuondoka. Bi Kwanini akaketi juu ya kopo la taka. Tukatazama watu wanne nukta moja nyeupe, ikisita, ikijivuta, ikisita, kwa dakika sita nzima, mpaka ikafika mwisho wa uzi.